Kawa Linalopumua

Jumamosi, 5 Aprili

Bismillahi. Kalamu sijaishika tangu binti yangu Shadya alipokuwa darasa la kwanza, ananifundisha yeye mimi badala ya mimi yeye. Leo naishika kwa amri ya nesi.

Tulikuwa kliniki. Nesi Beatrisi kampima Shadya presha, kaandika, kisha kaniita kando ya dirisha. "Mama, ile mimba ya kwanza iliondoka na presha hii hii, mwezi wa saba. Na huu ndio wa saba. Mtoto anatakiwa akae ndani mpaka akue. Vidonge ninampa, chumvi tumepunguza, kilichobaki ni utulivu. Na wewe ukikaa pale benchi unamhadithia aliyeanguka kifafa Chumbageni na aliyepasuliwa Muheza."

"Mimi simtishi. Namtahadharisha."

"Basi tahadhari zako kaziandike kwenye daftari. Usimwambie yeye."

Haya, naziandika. Naogopa miguu yake, imevimba. Naogopa akilala chali. Naogopa akinyamaza, naogopa akicheka sana. Yule wa kwanza alizaliwa hakulia. Nilimsubiri alie, na mpaka leo ni kama bado namsubiri.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Nimemchukua Shadya kwangu hapa Mabawa, maana mimba ya hivi hailelewi na mtu mwingine ila mama. Mumewe Luqmani anakuja kila jioni akitoka kutengeneza mafriji ya watu. Ananiamkia mimi mkwewe vizuri, kichwa chini, anavuta kigoda karibu na mkewe, anakaa. Basi. Hasemi kitu mpaka anaondoka. Gunia la mkaa lina maneno kuliko mkwe wangu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nina mengine ya kuandika, si ya hofu!

Nilikwenda Usagara kupeleka makawa dukani kwa Mzee Fidahussein. Yeye ni mtu wa vitambaa, lakini makawa yangu ananichukulia, wateja wake wanayapenda ya kufunikia sinia. Kaliinua moja kwa vidole viwili kama kashika panya.

"Mama Shadya, kawa gani hii ina mkia?"

"Ndivyo lilivyo kwa sasa."

"Mteja anataka kawa, hataki paka."

Nikamweleza. Kwetu Mwera bibi yangu alinifunza: nyumba ikiwa na mjamzito, ukili, ule mkanda wa mwaa unaoshonewa kawa, haufungwi fundo la mwisho. Unasuka, unashona mviringo wako wote, lakini mkia unauacha ukining'inia mpaka mtoto atoke, njia isije ikazibwa.

"Basi mwambie mjukuu afanye haraka, nina oda ya harusi."

"Mungu apishe mbali! Asikusikie! Huyu tunamwomba akawie."

Nyuma ya meza binti yake wa mwisho, Alefiya, akacheka. Kavaa rida yake ya kijani, vazi la kujistiri la wanawake wa kwao, kashika tableti na kalamu isiyo na wino. "Shikamoo mama. Baba anatania. Shadya hajambo?"

Nikaitika marahaba, na swali dogo hilo likanifungulia bomba. Nilisema yote, ya presha, ya wa kwanza, ya kutolala kwangu. Alefiya hakusema pole. Kaligeuza tableti upande wangu. "Tazama hiki, mama. Usifanye kitu, tazama tu."

Palikuwa na nukta. Nukta ikatoa petali, petali zikatoa petali nyingine, rangi ya zambarau ikatoka katikati ikaenda ukingoni pole pole kama chai inayoingia kwenye maziwa. Nje watu walikuwa wanapiga honi na mvua inagonga mabati, nami sikusikia. Nilipozinduka nilikuwa nimekalia jora la kitambaa bila ya kukaribishwa.

"Ndiyo nini hii?"

"Mandala. Duara la kuchora, linaanzia kati linakwenda nje. Mimi nalifanya litembee. Mtu analitazama, anapumua nalo, roho inatulia."

"Na dini yake?"

"Huko Bara Hindi wako wanaoabudia nalo. Mimi mama wanijua, nasali msikitini kwetu. Hili nalichora kama ninavyochora hina."

Nikamwambia, mbona hiki si kigeni? Nikachukua kawa langu nikaliweka sakafuni, nikamwambia asimame alitazame kutoka juu. Kileleni duara jeusi, kisha jekundu, kisha kijani, kisha vile vipembe vyangu vya zambarau vinavyozunguka mpaka ukingoni.

Mtoto wa watu akapiga kelele mpaka babake akaangusha mkasi. "Baba! Mandala! Umekuwa ukiiuza siku zote!"

"Naiuza, ndiyo," kasema Mzee Fidahussein. "Ikiwa haina mkia."

Jumatano, 9 Aprili

Leo sikumtisha. Nilisema la miguu tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Alefiya kaja Mabawa na matope mpaka magotini. Kapanda juu ya kiti changu kibovu kalipiga picha kawa kutoka juu, kisha kakaa mkekani kanitazama ninavyoshona. Kila raundi ya ukili kaichora peke yake. Kaniuliza, "Mama, mbona unavuta pumzi sindano ikiingia, unaishusha ukivuta uzi?" Sijui. Sijawahi kujiona. Kanirekodi mkono, kasema mwendo wa lile duara ataufuatisha huo, maana la kwake la mwanzo lilikuwa na haraka za mjini.

Adhuhuri kamaliza. Tukakaa watatu na Shadya. Kawa likaanza kileleni, likajishona lenyewe, raundi baada ya raundi, linapanuka. Nikasikia nywele zinasimama. Kazi ya mikono yangu inatembea! Likafika ukingoni, hapo likatoa fundo la dhahabu, ting! likafunga.

"Usifunge!" nimeruka mpaka nimepiga teke bakuli la uji. "Alefiya mwanangu, usifunge hapo! Lifungue!"

Shadya akaona haya. "Mama, ni picha."

"Picha ya kawa langu, ndani ya nyumba yangu, mbele ya tumbo lako."

Nilidhani Alefiya atachukia. Akafikiri, akafuta lile fundo. Likabaki kawa linapanuka mpaka ukingoni, halafu linarudi taratibu raundi kwa raundi mpaka kileleni, halafu linapanuka tena. Halina mwisho. Akalitazama, mabega yake mwenyewe yakashuka. "Mama, umenisaidia. Kila likifunga nilikuwa nabana pumzi na sijui kwa nini. Sasa linapumua."

Shadya kalitazama huku mkono uko tumboni. Likipanuka anavuta, likirudi anashusha. Kabla ya alasiri kasinzia mdomo wazi kama alivyokuwa mdogo. Sijamwona analala hivyo tangu aje. Nimetoka uani nikapiga kigelegele kimya, cha mdomo bila sauti.

Jumanne, 15 Aprili

Presha imeshuka! Nesi kapima mara mbili, haamini. Nimemwonyesha kawa kwenye simu ya Shadya, Alefiya kalitia humo. Kasema zuri sana, lakini vidonge pale pale, asiache hata kimoja. Nani kasema anaacha? Nimerudi njia nzima namwambia kila mtu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nina furaha mpaka nashindwa kukaa. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nimewaalika kina mama wa mtaani waje kulitazama na Shadya. Mgonjwa kwetu haachwi peke yake, na kitu kizuri hakitazamwi na mtu mmoja. Nimeagiza kashata. Luqmani nimemwambia alete televisheni ya dukani kwake ili lionekane kubwa. Kasema, "Sawa, mama." Nilivyomtazama, kama alitaka kusema lingine. Hakusema, kama kawaida yake.

Ijumaa, 18 Aprili

Walijaa mpaka mlangoni. Mkeka hautoshi, wengine wamekalia vizingiti. Televisheni kubwa, kawa likawa kama ungo wa mbinguni. "Ah! Hiyo zambarau kama doti yangu ya Idi!" "Rudisha, rudisha, sijaona vizuri!" "Shadya, pumua mwanangu! Umepumua? Mbona huyu hapumui?" "Mama Shadya, sasa wewe ni msanii, tutakuona wapi sisi?"

Nami najibu huku nagawa kahawa, kichwa kikubwa. Mwingine akaanza kumweleza Shadya ya wifi yake aliyepooza. Na si mimi niliyeanzisha, ni yeye. Lakini sikumkatisha, niliongeza.

Nilipogeuka Shadya ameweka mikono masikioni. Uso umevimba, analia bila sauti.

"Mama," kasema, watu wakanyamaza. "Nataka kukaa na mtu asiyeniuliza kitu."

Wameondoka na kashata zao mikononi. Luqmani kazima televisheni, kavuta kigoda.

Jumanne, 22 Aprili

Leo ni siku ngumu na nitaiandika yote.

Presha imepanda kuliko wakati wowote. Nesi Beatrisi kapima, mimi nimesimama hapo hapo nimeushika mkoba, Luqmani kwenye benchi. Kakunja uso, kasema ikiendelea hivi itabidi alazwe, na ikizidi mtoto atolewe akiwa mdogo, na mtoto mdogo hivyo hakuna anayeweza kuniahidi kitu. Kisha kanigeukia. "Mama, nichotee maji pale nje kwenye ndoo ya bomba."

Nikaenda. Pana foleni, nikasukumana, nikarudi na kikombe kimejaa. Nikamkuta anampima mara ya pili, na Luqmani kasogea karibu na mkewe. Nesi kanionyesha kile kioo cha mashine. Namba zimeshuka.

"Weka hapo, mama." Kikombe kikawekwa mezani. Hakukinywa. Ndipo nikajua hakuwa na kiu.

Nimesimama kama nimemwagiwa hayo maji. Nikamwambia Shadya, nimekukosea nini mimi? Nakupikia, nakufulia, sili usipokula.

Akanishika mkono. "Hujanikosea, mama. Lakini ukinitazama, macho yako yananiambia nakufa."

Nesi kasema taratibu, "Lile kawa, mama, litazame wewe."

Tukashika njia ya nyumbani. Nilimtazama Luqmani anavyomshika mkewe akiruka dimbwi, kimya, wala haharakishi, wala hamwambii angalia. Mwaka wa tatu huu namwona mtu asiye na maneno. Kumbe maneno yake anayameza ili yasimwangukie mke. Mimi yangu simezi hata moja.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekaa peke yangu jikoni na simu ya Shadya, nimeiegemeza kwenye kinu. Kawa langu. Linapanuka, linarudi. Mwanzoni nimelikosoa: pale raundi ya nne ukili umelegea. Kisha nikakumbuka sijaanika nguo. Kisha mara nikamkumbuka yule wa kwanza, uso wake mdogo, nilivyomkung'uta mgongo alie, nikamkung'uta, mpaka mkunga akanishika mikono. Nimelia, na kawa halikusimama kunisubiri. Linapanuka, linarudi. Nikavuta, nikashusha.

Maharage yameungua yote. Tumekula mkate na chai. Shadya kacheka.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimelitazama asubuhi kabla ya kuingia chumbani kwake. Nimeingia, nimempa uji, nimetoka. Ulimi umeniuma.

Jumatano, 30 Aprili

Presha chini. Mimi nilikuwa ndani ya chumba, nikiangalia dari. Nesi kanikonyeza.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imekata njia ya uani. Luqmani kaja na magunia ya mchanga, kajenga tuta bila kuulizwa. Nimempelekea chai ya tangawizi. Nimekaa naye barazani, sote kimya. Si vibaya. Kumbe katika kimya kuna ndege, kuna maji yanayotiririka, kuna Shadya anakoroma ndani.

Jumamosi, 10 Mei

Alefiya kanipigia simu, sauti juu kama kuku aliyetaga! Lile kawa kalirusha mtandaoni, kaandika "Kawa la Mama Shadya, Mwera", na watu wanalitazama. Mwanamke mmoja wa Pangani kaandika kwamba ameliona akalia, ni kama kumwona bibi yake. Dada mmoja huko ughaibuni anawafunga wanawe mkanda wa gari, analiweka, wanalala. Kina mama wa kliniki nao wameomba. Nesi Beatrisi analiweka kwenye simu yake pale benchini, wale wenye presha wanakaa wanapumua pamoja, hakuna anayehadithia kifafa.

"Na wanasema nini juu ya mkia?" nimemuuliza.

"Wanauliza ni wa nini. Nimewaambia wamuulize Mama Shadya."

Mzee Fidahussein kachukua simu kwa bintiye. "Mama Shadya, mteja ananiambia sasa anataka kawa yenye mkia! Umeniharibia biashara kisha umeitengeneza!"

Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Jumapili, 18 Mei

Mwezi wa nane umekatika katikati. Tumbo linapiga teke hadi kanga inaruka. Nimeliona kwa macho yangu! Nikataka kupiga ukelele, nikauvuta ndani, nikaushusha. Shadya kasema, "Piga tu mama, huo ni wa furaha." Nikapiga.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimepungua. Miguu imevimba tena kidogo. Nesi anajua. Nimeandika hapa, sikumwambia yeye.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, daftari kwenye goti.

Mchana huu baada ya chakula Shadya kasema, "Mama, naona vimulimuli mbele ya macho." Kichwa kinamuuma mbele. Yale yale ya wakati ule. Nikavuta, nikashusha, nikamwambia, "Haya mwanangu, vaa kanga, tunakwenda." Sauti ilitoka sawa. Sijui aliyeitoa.

Luqmani tulimpigia simu, kafika na bajaji kabla sijafunga mlango. Mvua ikarudi kama iliitwa. Tumejibana watatu, na mimi niliyekuwa simpi mkwe wangu hata mkono nimemkalia nusu ya paja, haya hakuna, na yeye kamfunika mkewe kwa koti lake. Simu ya Shadya ikaanguka ndani ya maji, ikazima.

Daktari kapima, kasema hakuna kusubiri, mtoto atolewe leo. Kasema amekua, ni mdogo lakini amekua. Ila presha iko juu mno, wanampa dawa ya mshipa, wanataka ishuke kwanza ndipo aingie chumba cha upasuaji. Shadya akaanza kutetemeka. Meno yanagongana. "Kama yule, mama. Kama yule."

Nikajua la kufanya. Nikamwambia nesi wa zamu, "Natoka, nisimpandishe." Nikageuka. Shadya akaishika kanga yangu.

"Mama, usiende."

"Mwanangu, mimi ndiye ninayekupandisha."

"Usiende."

Nikakaa. Simu yenye kawa imekufa. Nikauchukua mkono wake nikaufungua kiganja, nikaweka kidole changu katikati. Nikaanza. Raundi ya kwanza ndogo. Kisha ya pili. Kidole kinatoka nje polepole anavuta pumzi, kinarudi ndani anashusha. Sikumwambia apumue. Sikumwambia kitu. Nilimtazama usoni, na nikamwacha anitazame na yeye, hata sijui aliona nini humo, lakini hakuyakimbia macho yangu. Nje ya chumba Luqmani kaegemea ukuta, naye namwona mabega yanapanda na kushuka na yetu.

Dawa inatiririka kwenye mshipa, kidole kinazunguka kiganjani. Nesi wa zamu akaja akasoma mashine, akaenda, akarudi akasoma tena. Akamwita daktari. Daktari akasema, "Vizuri. Twende."

Wamemsukuma. Mlango umefungwa. Niko hapa na mkwe wangu. Kidole changu bado kinazunguka juu ya goti, kimekataa kusimama. Luqmani kafungua mdomo wake, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. "Mama, unafikiri atalia?"

Nilimshika mkono.

Ijumaa, 30 Mei

Amelia!

Wallahi amelia! Jana usiku kabla mlango haujafunguliwa tumemsikia, sauti kama bati linalopasuliwa, na Luqmani, gunia langu la mkaa, akapiga takbiri mpaka mlinzi kaja mbio. Ni msichana. Mdogo, mwekundu, ngumi zimekunjwa, amekasirika kwelikweli, kama kaamshwa usingizini na watu asiowajua. Shadya yu salama, presha inaangaliwa, ananywa uji. Kanitazama, kacheka, kalala.

Mtoto nimepewa mimi nimshike. Analia tangu alipoamka. Nesi wa zamu anasema mtikise, mnyamazishe bibi, mbona unamwangalia tu? Mama wa kitanda cha pili anasema ana njaa huyo, wa tatu anasema ana baridi, mtafutieni kofia. Wanasema kweli, na sasa hivi nitampeleka kwa mamake anyonye.

Lakini kwanza nimesimama naye dirishani, nimelifungua hilo dirisha. Lia, mama. Lia mpaka Mabawa wakusikie.